Kukaza tunajua, kulegeza ndiko kunatushinda

Juu ya Kawetere, nje kidogo ya Mbeya mjini, pale barabara ya Chunya inapotoka kwenye miti na upepo kuanza kukupiga usoni, kuna mama anauza chai ya chupa na mihogo ya kukaanga. Jumamosi moja ya baridi tulisimama pale na baiskeli zetu, jasho linatupoa mgongoni, kila mtu anajifanya hajachoka. Nilikuwa nimemvalisha dogo mmoja mkanda wangu wa kifuani, ule unaosoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu. Hata chai hajaigusa, akaomba simu aone.

Mchoro ulianzia mjini, ukapanda kwa dakika chache, ukafika mapigo 170 na kidogo kwa dakika. Basi. Kuanzia hapo mpaka kwa mama wa chai ulikuwa umelala kama uwanda wa Usangu. Hakuna kilele, hakuna bonde.

Akaukuza kwa vidole viwili, akaurudisha, akaukuza tena.

"Mwalimu, sasa hapa tumefanya mazoezi, au tumepanda tu mlima?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikalipa chai, tukateremka. Lakini swali lenyewe limenikaa kichwani wiki nzima, kisha nyingine, mpaka mke wangu akaanza kuniuliza kama nina deni mahali. Nafundisha fizikia, na kazi hii imenipa ugonjwa mmoja: nikiona mstari umenyooka kupita kiasi, nataka kujua nani kaunyoosha.

## Mlima ndiye kocha

Anayeijua Mbeya hahitaji kuelezwa. Ukitoka mjini na baiskeli, ama unapanda sasa hivi, ama unateremka sasa na utapanda wakati wa kurudi. Ukielekea Tukuyu, ukishapita Igawilo unakabwa mpaka Isyonje. Ukielekea Mbalizi unaserereka Iwambi huku ukiomba Mungu lori lililo nyuma yako liwe na breki, na kurudi ni shughuli nyingine. Kwa hiyo sisi tunaoshindana huku tumekuwa na imani moja miaka yote: hapa mtu hapangiwi mazoezi, mlima unapanga. Wenzetu wa Shinyanga na Mwanza wana tambarare na wana watu. Sisi tuna mlima, wakija huku watakiona. (Hawakioni. Lakini hayo tuyaache kwanza.)

Imani hiyo haikutoka hewani. Kupanda mfululizo kwa dakika arobaini kunajenga miguu, kunajenga pumzi, na kunajenga ile roho ya kutokushuka kwenye kiti. Nimeona vijana wameanza na baiskeli mbovu, na msimu mmoja wa Kawetere ukawageuza watu wengine kabisa.

Msimu wa pili hauwageuzi.

Hapo ndipo swali la dogo liliponichoma. Nikaanza kuomba michoro ya wenzangu wenye vifaa, ambao si wengi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kila mmoja na njia yake. Yote inafanana. Moyo unapanda mpaka kwenye asilimia 85 hivi ya upeo wake, unakaa hapo, unashuka mtu anapofika nyumbani. Hakuna siku mtu kafika 95. Na hakuna siku mtu kakaa 65, hata ile siku aliyosema mwenyewe kwamba leo ananyoosha miguu tu.

Kuna mtaalamu wa fiziolojia, Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi zake nyingi Norway, ambaye alitumia miaka akisoma madaftari ya mazoezi ya mabingwa: wapiga makasia, watelezaji wa thelujini, waendesha baiskeli. Alichokikuta kinarudiwa sana siku hizi. Karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi kiasi cha kuchosha akili, yaliyobaki ni makali kwelikweli, na pale katikati hawakai sana.

Sisi tunaishi katikati. Tumejenga nyumba, tumeweka na umeme.

## Mjerumani na saa yake

Kabla sijaenda kwenye baiskeli nataka kurudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kanuni ya zamani iliyonisaidia kuliko kifaa chochote.

Miaka ya 1930 huko Freiburg, Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell walikuwa wakiwakimbiza watu vipande vifupi vifupi. Kipande kinapandisha moyo mpaka 180 hivi. Kisha mtu anapumzika, na saa inahesabu. Moyo unatakiwa urudi 120 ndani ya sekunde 90. Ukirudi, unakimbia tena. Usiporudi, basi kipande kilikuwa kirefu mno au kikali mno, au mwili umekuja umechoka, na kazi ya siku hiyo imeishia hapo. Mwanafunzi wao mmoja, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ilidumu mpaka 1955.

Maelezo yao kuhusu kwa nini inafanya kazi yamepingwa sana baadaye. Wao waliamini moyo unakua wakati wa kupumzika. Leo watafiti wengi wanahesabu kitu kingine, yaani ni dakika ngapi mwili umekaa karibu na upeo wake wa kutumia oksijeni. Lakini ile kanuni ya 120 ni ya bei nafuu, na haihitaji maabara.

Nikaijaribu kwa dogo.

Tulichagua kimlima kifupi, dakika tatu hivi za kukaza, kisha anageuza na kuteremka polepole. Jioni ya kwanza ilikuwa raha kuitazama. Anafika juu amefumba jicho moja, moyo 186, na kabla hajafika chini namba imeshaanguka. Tukarudia mpaka giza likatufukuza.

Wiki iliyofuata, kimlima kilekile, kipande cha kwanza kikaisha, namba ikagoma. Sekunde 90 zikapita iko 140 na kitu. Tukangoja zaidi. Bado. Nikafikiri mkanda umelegea, nikaulowesha mate, nikaukaza. Namba ileile.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Zege, mwalimu. Tulimwaga slabu."

Yeye ni saidia fundi. Kumwaga slabu ya ghorofa ni kupandisha makarai ya zege kwenye ngazi tangu alfajiri, na zege halisubiri, likishachanganywa huwezi kusema unapumzika kwanza. Karai begani, ngazi, mwaga, teremka mbio, chukua lingine. Kutwa nzima. Kisha mimi nimemsimamisha chini ya mlima na saa yangu namwambia sasa tufanye mazoezi makali.

Nikamwambia arudi nyumbani akale. Alinuna. Kwake siku ya kukosa mazoezi ni siku ya kupitwa, na hakuna namba kwenye simu inayomwondolea hofu hiyo. Mimi nilibaki nimesimama barabarani nikiwaza jambo ambalo sikuwahi kulikuta kwenye makala hata moja ya mambo haya: wale wanaofanyiwa utafiti huwa wanaambiwa wasifanye kazi ngumu siku moja kabla. Dogo hana mtu wa kumwambia hivyo, na akiambiwa atauliza nani atalipa kodi ya chumba.

## Tabata ya ukweli

Nipite hapa haraka, kwa sababu naulizwa sana.

Tabata, yale mazoezi ya vipande vifupi wanayofanya kwenye jimu zetu za mjini, nusu saa nzima na muziki juu, haihusiani sana na alichofanya mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata. Utafiti wake wa 1996 ulifanyika juu ya baiskeli ya maabara. Sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu inayofikia asilimia 170 ya ile inayotosha kufikisha mtu kwenye upeo wake wa oksijeni, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane, na hapo mtu amekwisha. Kazi yenyewe haifiki dakika nne. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Upeo wa oksijeni ukapanda kwa mililita 7 hivi kwa kilo kwa dakika, na uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni ukapanda asilimia 28. Kundi jingine lililokanyaga saa nzima kwa kiwango cha wastani lilipanda oksijeni tu.

Matokeo makubwa. Ila wale walikuwa wanafunzi wa chuo, wa elimu ya michezo. Hawakuwa watu wanaokula barabara kilomita mia tatu kwa wiki. Mtu ambaye bado ana nafasi kubwa ya kukua atakua kwa karibu chochote utakachompa. Swali langu lilikuwa la yule ambaye mlima umeshampa kila ulichokuwa nacho.

## Cape Town, dakika mbili

Jibu lililo karibu na sisi nililikuta Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 1996 watafiti wa Cape Town, Tim Noakes akiwa mmoja wao, waliwachukua waendesha baiskeli wa mashindano ambao tayari wanazunguka kama kilomita 300 kwa wiki. Wakawapa vipande vya dakika tano, sita mpaka nane, kwa asilimia 80 ya nguvu yao ya juu kabisa, na mapumziko ya dakika moja tu katikati. Vipindi sita ndani ya wiki nne. Muda wao wa kilomita 40 ukashuka kutoka dakika 56.4 hadi 54.4.

Dakika mbili. Kwenye mbio zetu, ndani ya dakika mbili anaingia mshindi, wa pili, wa tatu, na wengine wote ambao hakuna atakayewakumbuka.

Nilichokipenda zaidi hapo si dakika zenyewe. Vipande havikuongezwa juu ya kilomita zao. Viliwekwa mahali pa sehemu ya kilomita hizo, kama asilimia 15. Kitu kilitolewa ndipo kingine kikaingia. Sisi tukisikia mazoezi mapya tunayapachika juu ya yale ya zamani, kisha tunashangaa mtu anaanza kupata mafua kila wiki.

Baadaye wakaja watafiti wa Norway na mabishano yao. Seiler na wenzake, 2013, walilinganisha vipande vinne vya dakika nne, vinne vya dakika nane, na vinne vya dakika kumi na sita, kila kundi likiambiwa likaze kadiri linavyoweza kwa muda huo. Wa dakika nane wakatoka mbele. Ukishusha makali kidogo tu, unapata dakika 32 za kazi nzuri badala ya 16 za kufa. Kisha Bent Rønnestad, mwaka 2015, naye akaja na lake: sekunde 30 za kukaza, sekunde 15 za kulegeza, mara kumi na tatu mfululizo, seti tatu. Baada ya wiki kumi kundi hilo lilipanda upeo wa oksijeni kuliko lile la vipande vya dakika tano.

Sasa nani mkweli?

Nimelikalia hili muda mrefu, na maoni yangu ni kwamba hawagombani. Sekunde 15 ni fupi mno kwa pumzi kutulia. Mwili unaendelea kuvuta oksijeni kana kwamba hujapumzika, ila miguu imepata nafuu ya kutosha kukanyaga tena. Dakika nane zinafika palepale kwa njia ya kuvumilia. Kwa Kawetere nachagua dakika nane, kwa sababu mlima ni mrefu na haukatizwi. Kwa tambarare nachagua 30 na 15. Kama huna kifaa, kipimo ni mdomo wako: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima, bado hujaanza, ukishindwa kumjibu hata "ndiyo", umezidisha mapema mno.

## Nguzo za umeme

Lakini tambarare iko wapi? Na hewa?

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asilimia ya oksijeni hewani ni 21 kama Tanga, ila mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Juu kule njia ya Chunya unapungua zaidi. Maana yake moyo unaweza kupiga 185, ukaamini kabisa kwamba umekaza, na bado miguu imefanya kazi ndogo kuliko ambayo ingefanya chini. Pumzi imefika mwisho kabla ya misuli.

Hili nalo lina utafiti wake maarufu. Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, mwaka 1997, waliwalaza wanariadha wa mbio mita 2,500 na kuwateremsha mita 1,250 kufanya mazoezi. Waliolala juu na kukimbia chini ndio waliopunguza muda wa mita 5,000. Mtu anayelipa nauli ya ndege kutafuta mpangilio huo angetuonea wivu: sisi tunalala Uyole, na Usangu iko chini yetu mita mia sita.

Tukapata lifti ya fuso linalorudi tupu kufuata mchele. Baiskeli zikalala kwenye magunia, tukashuka njia ya Chimala.

Hatuna mita ya nguvu, kile kifaa cha kupima wati za miguu, kwa hiyo tulitumia nguzo za umeme. Sekunde 30, umepita nguzo ngapi. Tulikuwa tumeshafanya hivyohivyo juu, kwenye kipande kilichonyooka karibu na Uyole, asubuhi kabla malori hayajachanganya. Seti ya kwanza haikuonyesha tofauti yoyote ya maana. Hilo halikunishangaza; sekunde 30 za mwanzo mtu anaweza kuzikopa bila oksijeni, na hewa nyepesi ya juu hata inapunguza ukinzani wa upepo, kwa hiyo kule juu alipaswa kwenda kasi kidogo. Tofauti ilikuja kwenye seti ya tatu. Juu alikuwa amekwisha, anavuta pumzi kwa mdomo wote na nguzo zinachelewa. Chini alimaliza na nguzo zake, na ya mwisho akaiongeza.

Je, ni hewa? Inawezekana ni upepo wa mgongoni. Inawezekana nguzo za Usangu zimesogeleana kuliko za Uyole. Waliozichimbia hawakuwa na rula. Inawezekana pia alikuwa hajamwaga zege wiki hiyo. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu akiniletea jaribio la namna hii namrudishia daftari. Lakini nikipata lifti nyingine ya fuso nitaenda tena.

## "Nikienda taratibu naanguka"

Nilidhani hapo makala inakaribia kuisha. Makali tumeyapata: Kawetere kwa dakika nane, Usangu kwa sekunde 30. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na wiki ya zege mara moja. Siku nyingine zote polepole, moyo usizidi 135.

Siku ya kwanza ya polepole nilimpeleka njia ya Isyonje. Sikutaka kuongozana naye kwa ukaribu, maana kuongozana kunaleta mashindano. Mtu akisikia tairi nyuma yake tu anasimama kwenye pedali. Nikamwacha atangulie. Kwenye mwinuko wa kwanza namba ikafika 150. Nikapiga kelele apunguze. Akapunguza. 160. Nikapiga kelele tena.

Akageuka, baiskeli ikayumba kulia na kushoto, nusura aingie mtaroni.

"Mwalimu, nikienda taratibu naanguka!"

Tukasimama. Nikainama kwenye gurudumu la nyuma, nikahesabu meno kwa kidole, grisi ikanijaa kucha. Baiskeli yake ni ya mbio, mtumba, nzuri, ya zamani. Sproketi kubwa ya nyuma ina meno 23. Ya mbele, ile ndogo, ina 39.

Jioni nikakaa na karatasi.

Kwa 39 na 23, mzunguko mmoja wa pedali unasukuma baiskeli karibu mita 3.6. Mtu akizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, anakwenda karibu kilomita 13 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yeye na baiskeli na chupa ya maji wakiwa kilo 75, kasi hiyo inadai takriban wati 230. Dogo ana kilo 60 hivi. Hizo ni karibu wati 3.8 kwa kila kilo ya mwili wake, kiwango ambacho mwendesha baiskeli mzuri asiye wa kulipwa anakishikilia saa moja siku ya mashindano.

Hiyo ndiyo siku yake ya mapumziko.

Nikabadilisha namba: mbele meno 34, nyuma 32. Mizunguko ileile 60, kasi inashuka hadi kilomita 8 kwa saa, na mlima uleule unadai wati 140 na ushee. Anaweza kupiga hadithi. Anaweza hata kuimba kwaya.

Hapo ndipo nilipompata aliyeunyoosha mstari. Nilikuwa nimeanza kuandika kichwani mahubiri kuhusu nidhamu, kuhusu vijana wasiojua kupumzika, kuhusu sifa. Yote hayo yapo. Lakini kabla ya sifa kuna meno 23. Baiskeli hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mbio, na zilipofika hapa zikaweka sakafu: chini ya wati 230 hupandi. Na kwa kuwa kila siku unakanyaga juu ya sakafu hiyo, siku ya kukaza unafika umeshachoka, huwezi kwenda juu zaidi. Mlima unakuzuia chini, uchovu unakuzuia juu, unabaki na mstari.

Septemba 2025 wengi wetu tulikodolea simu tukiangalia mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, kwenye mji ulio kimo kimoja na Iringa. Vijana walimwona Pogačar, Mslovenia aliyeshinda, akiondoka peke yake, na kesho yake kila mtu barabara ya Chunya alikuwa Pogačar. Hakuna kamera iliyotuonyesha siku zake nyepesi, na siwalaumu wapiga picha. Hakuna atakayekaa kutazama.

## Gia ya wazee

Fundi wetu wa Mwanjelwa aliisikiliza hoja yangu yote, ameshika spana, kisha akamgeukia dogo.

"Hiyo gia ya wazee. Nani kakudanganya?"

Dogo akanionyesha kwa kidevu.

Fundi ana rundo la vyuma vya mtumba nyuma ya banda. Akapata sproketi za nyuma zenye 32, zimevaa kidogo. Akazifunga. Shida ikaonekana hapohapo: kile kimkono cha nyuma kinachohamisha mnyororo ni kifupi, cha baiskeli za 23 na 25, mnyororo ukipanda kwenye 32 kinagonga meno. Inatakiwa chenye mkono mrefu, na mnyororo mpya wenye pingili za ziada. Mnyororo upo. Kimkono hakipo. Fundi amesema mzigo wa mitumba ukifika ataangalia. Sproketi ya mbele ya 34 nayo haiingii kwenye mashine ile, matundu hayalingani, kwa hiyo tutabaki na 39 mbele na 32 nyuma. Nimeshapiga hesabu yake: wati 165 hivi. Si 140, lakini si 230.

Tukisubiri mzigo, siku nyepesi tunazunguka mitaa ya uwanja wa ndege wa zamani, ambako angalau hakuna mwinuko wa kumlazimisha. Inachosha kuitazama. Mzunguko, mzunguko, watoto wanakimbia pembeni yake na kumpita. Namba inasoma 128, 131, 127. Dogo ameniambia wazi kwamba haoni faida, anafanya kwa sababu nimemwomba, na kwamba nikileta tena habari ya Norway atakwenda kujiunga na kundi la barabara ya Chunya.

Juzi bodaboda alimpita, akapunguza mwendo, akamwuliza kama mnyororo umekatika amsaidie.

Akamjibu hapana kaka, yuko kazini.